Sikukuu haianzi siku yake: mwaka mmoja wa sikukuu na tafakuri ndani ya jumuiya ya kiantroposofia (uzi mrefu)

Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Kuna mdau aliwahi kuuliza watu wa antroposofia huwa wanafanya nini hasa, ukiacha shule za Waldorf (shule zinazofuata mafundisho yao) na mashamba yao, nikaahidi nitaandika. Nimeishi miaka saba katika jumuiya moja ya Camphill huko Uskoti, kwanza kama mtu wa kujitolea, baadaye nikawa mlezi wa nyumba. Jumuiya yenyewe sitaitaja, wenzangu bado wako pale na hawajanituma niwasemee. Naandika niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyasoma.

Kwa asiyejua kabisa: antroposofia ni njia ya kiroho iliyofundishwa na Rudolf Steiner, aliyezaliwa mwaka 1861 Kraljevec, ambayo leo iko Kroatia, na kufariki Dornach, Uswisi, tarehe 30 Machi 1925. Camphill ilitokana na daktari Karl König, aliyekimbia Vienna baada ya Wanazi kuichukua Austria mwaka 1938. Yeye na wenzake walianza kazi na watoto wenye ulemavu wa akili karibu na Aberdeen mwaka 1939, na Juni 1940 wakahamia kwenye shamba lililoitwa Camphill, jina likabaki hapo. Wenye ulemavu na wasio nao wanaishi nyumba moja na kula meza moja. Jumamosi jioni kazi inasimama, watu wanavaa vizuri, wanakaa kimya kidogo, wanakula pamoja na kuzungumzia sehemu ya Injili waliyoisoma wiki nzima.

Jambo lililonisukuma kuandika nalitaja mapema, asiye na muda aondoke nalo: sikukuu haianzi siku yake. Usipoianza moyoni wiki tatu nne kabla, siku ikifika utakuwa na mapambo tu. Hili nilijifunza kwa kuharibu, nitawaeleza.

Pumzi ya dunia

Kati ya tarehe 31 Machi na 8 Aprili 1923 Steiner alitoa mihadhara mitano pale Dornach, akafundisha kwamba dunia inapumua, na pumzi yake moja huchukua mwaka mzima. Kiangazi, karibu na siku ya Yohane Mbatizaji, 24 Juni, dunia imetoa pumzi yote: nafsi yake imepanda juu, imetawanyika kwenye mwanga, maua na harufu. Wakati wa Krismasi imeivuta yote ndani na kuishikilia. Pasaka iko njiani kutoa, siku ya Mikaeli, 29 Septemba, iko njiani kuvuta. Oktoba mwaka huohuo akaongeza kwamba kila robo ina malaika mkuu wake: Mikaeli majani yanapopukutika, Gabrieli wakati wa baridi, Rafaeli mimea inapochipua, Urieli kiangazi.

Mwaka wa kwanza nililipokea kama somo la darasani, nikaliandika kwenye daftari na kuliacha humo. Lilinishika nilipoacha kuliwaza na kuanza kuliangalia. Kule Aberdeen mwishoni mwa Juni saa nne usiku bado kuna mwanga, na watu hawataki kulala, wanazungumza ovyo, wanacheka, wanasahau walichoahidi asubuhi. Nilikaa kutafakari nikashindwa siku baada ya siku, nikajiona mvivu. Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri, na ghafla nikaweza kukaa nusu saa nzima bila kujilazimisha. Mtu anapumua pamoja na dunia hata asipotaka. Kiangazi kinamtoa nje, na kazi yake ni kutojipoteza humo. Baridi inamrudisha ndani, na hapo kazi ni kuwasha kitu.

Chombo cha kufuatilia hilo ni Kalenda ya Nafsi, beti 52 ambazo Steiner alizitoa mwaka 1912, ubeti mmoja kwa kila wiki, kuanzia Pasaka. Ubeti wa 1 ni wa Pasaka, wa 12 ni wa Yohane, wa 26 ni wa Mikaeli, wa 38 ni wa Krismasi. Zinatazamana kama mtu na kioo: wa 1 na wa 52, wa 2 na wa 51, mpaka ule wa 26 unapogusana na wa 27. Jumlisha jozi yoyote unapata 53. Ukisoma ubeti wa wiki pamoja na pacha wake unaanza kuhisi kwamba jambo linalosemwa na mwanga wa nje mwezi wa tano ndilo linalosemwa na ukimya wa ndani miezi kadhaa baadaye, kwa sauti nyingine. Kwetu ubeti ulisomwa Jumapili asubuhi kabla ya chai, mara moja tu. Halafu kila mtu alibaki nao wiki nzima, anayetaka akiukariri.

Nilivyoiharibu siku ya Mikaeli

Mwaka wangu wa tatu nilikabidhiwa siku hiyo ya malaika anayepigana na joka, nikahangaika kama mtu anayeandaa harusi. Tulichonga panga za mbao, tukashona majoho, tukaoka mkate mkubwa wenye umbo la joka, jambo la kawaida kwenye jumuiya hizi siku ya Mikaeli. Mezani palikuwa na maua ya njano, na kulikuwa na wimbo wa sauti tatu. Kila kitu kilikwenda kwa saa yake. Usiku tumemaliza kuosha vyombo, bibi mmoja aliyekuwa ameishi pale tangu ujana wake akanishika mkono kando ya karo akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, leo tumemsherehekea nani?"

Nilifungua mdomo, jibu likakosekana. Mwezi mzima nilikuwa sijakaa kimya hata dakika kumi na huyo Mikaeli. Nilijua urefu wa kila upanga, ila sikuwa nimejiuliza hata mara moja joka langu ni lipi.

Mwaka uliofuata nikaomba nipewe tena. Mwanzoni mwa Septemba nilikwenda karakana nikachukua misumari mikubwa ya zamani, mingine ina kutu, nikampa kila mtu mzima wa nyumba yetu mmoja. Steiner ana zoezi la kuitawala fikra: unachukua kitu cha kawaida kabisa, pini au penseli, unakiwaza angalau dakika tano kila siku, na wazo lolote lisilohusu kitu hicho unalirudisha mlangoni. Sisi tukauwaza msumari. Umetoka jiwe gani, moto gani, nani aliuchonga, kwa nini una kichwa bapa, chuma kilichomo ndani yake ni ndugu wa chuma kilichomo damuni mwangu. Kwa Steiner chuma ndicho cha Mikaeli: chuma cha vimondo vinavyodondoka Agosti, na chuma cha damu kinachompa mtu ujasiri wa kuamka. Alhamisi jioni tulikaa nusu saa, kila mmoja akasema alikutana na nini. Wiki ya pili watu hawakuzungumzia msumari tena, walizungumzia woga wao. Mmoja alisema kila akikaa anakutana na hasira aliyomwekea ndugu yake kwa miaka.

Tarehe 29 hatukuwa na panga. Tulisoma ubeti wa 26, tukatoka na nyundo mpaka kwenye lango la malisho lililokuwa limefungwa kwa kamba tangu mwezi wa nne, tukalitengeneza kwa misumari ileile. Kijana mmoja wa nyumba yetu ambaye hakuwa akisema neno kwenye mikusanyiko alipiga wa kwake polepole, kila pigo akisimama kuusikiliza mlio mpaka uishe ndipo apige tena. Tulimsubiri. Yule bibi alikuwa amesimama karibu yangu na msumari wake mkononi, safari hii hakuuliza kitu.

INAENDELEA hapo chini, naomba msinikatishe.

Mleta uzi (sehemu ya pili)

Majilio, yaani wiki za kungojea Krismasi. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo mniruhusu nikae hapa.

Kabla yake kuna Martini, 11 Novemba, watoto wanatembea gizani na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, wakiimba. Kisha Jumapili nne za Majilio, na kwenye meza ya majira, ambayo kila nyumba inayo kwenye kona, wiki ya kwanza yanawekwa mawe na fuwele, ya pili mimea, ya tatu wanyama, ya nne mwanadamu. Ulimwengu mzima unakuja kumngojea mtoto, daraja kwa daraja.

Jumapili ya kwanza, au jioni iliyo karibu nayo, kuna bustani ya Majilio. Matawi mabichi ya misonobari yanapangwa sakafuni kwa njia ya kuzunguka kama gamba la konokono, katikati kuna mshumaa mmoja mkubwa, taa zote zimezimwa. Mtu anapewa tufaha lililochomekwa mshumaa mdogo, anaingia peke yake, anazunguka mpaka katikati, anauwasha, na akirudi anauacha njiani mahali anapopachagua. Wa kwanza anatembea karibu gizani, wa mwisho anatembea kwenye bustani ya mwanga.

Mwaka mmoja mzee mmoja mwenye ulemavu wa akili aliwasha mshumaa wake, akageuka, akatembea hatua tatu, akasimama. Alikuwa akiutazama. Mpiga kinubi akamaliza wimbo, akaanza tena, akamaliza, akaanza mara ya tatu na ya nne. Nta ilikuwa ikimtiririkia kidoleni na hakuusogeza mkono. Mimi nilikuwa na orodha kichwani, watu kumi na wawili bado, watoto wanasinzia. Ilinichukua muda mrefu, nakiri, kuelewa kwamba mtu pekee aliyekuwa akifanya tafakuri chumba kile ni yeye, na sisi wengine tulikuwa tukisubiri zamu. Nikaacha kuhesabu. Nadhani wengine nao waliacha, kwa sababu pumzi za chumba zilibadilika, hilo unaweza kulisikia gizani. Kisha akauweka mshumaa wake chini palepale na kutoka.

Krismasi yenyewe kuna michezo ya kuigiza ya Oberufer, ya Paradiso, ya Wachungaji na ya Wafalme. Ni michezo ya wakulima wa kijiji kilicho karibu na Bratislava, aliyeikusanya ni Karl Julius Schröer, mwalimu wa Steiner kule Vienna. Wachezaji ni watu wa jumuiya wenyewe, mpishi anakuwa mfalme, mfalme anafagia jukwaa.

Halafu usiku kumi na mbili mitakatifu, kutoka Krismasi mpaka Epifania tarehe 6 Januari. Wengi wanaweka daftari kando ya kitanda, kila usiku wanaulinganisha na mwezi mmoja wa mwaka unaokuja, asubuhi wanaandika ndoto au wazo walilozinduka nalo. Watu wa antroposofia wanazibeba siku hizi kwa uzito kwa sababu nyingine pia. Usiku wa kuamkia mwaka 1923 Goetheanum ya kwanza, jengo lao kuu la mbao walilolijenga kwa karibu miaka kumi pale Dornach, iliteketea kwa moto. Siku iliyofuata, jengo likiwa bado linafuka, mchezo wa Wafalme ulichezwa kwenye karakana ya seremala kama ulivyopangwa. Na Krismasi ya mwaka huohuo 1923 Steiner akakianzisha upya Chama cha Antroposofia, akakipa Tafakuri ya Jiwe la Msingi, ambayo watu bado wanaisema peke yao na kwa pamoja. Aliliita jiwe la kuwekwa mioyoni mwa watu. Mimi kila nikifika kwenye usiku huo wa mwaka mpya huwaza lile tangazo la mchezo ambalo halikubanduliwa ukutani.

Pasaka naipita haraka, si kwa kuidharau. Wiki Takatifu kila siku ina kimya chake, na alfajiri ya Pasaka tulikuwa tukipanda kilimani kuliona jua likichomoza. Kupaa na Pentekoste huja siku zimeshajaa kazi za bustani.

Yohane ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayochukuliwa kirahisi kuliko zote. Kuna moto mkubwa, kuna kuruka moto unapopungua, kuna nyimbo. Lakini Yohane ni yule aliyesema "yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua", na kulisema hilo katikati ya kiangazi, wakati kila kitu kinakuambia ujitanue, ni kazi. Tulichofanya miaka yangu ya mwisho ni hiki: kila mtu aliandika kwenye kijikaratasi jambo moja ambalo yuko tayari kulipunguza ndani yake, akalitupa motoni bila kumsomea mtu. Nyimbo zikaja baadaye.

Nimemaliza, karibuni.

Mchangiaji #2

Mkuu shukrani kwa uzi. Swali: hii ni dini? Naona Pasaka, Krismasi, malaika, Injili.

Mleta uzi

Chama cha Antroposofia si kanisa, na mwanachama anaweza kuwa wa dini yoyote au asiwe na dini. Mwaka 1922 wachungaji na wanafunzi wa teolojia, wakiongozwa na Friedrich Rittelmeyer, walianzisha Jumuiya ya Kikristo yenye sakramenti zake. Steiner aliwasaidia, lakini ni chombo kingine. Hata hivyo sitakuficha, Kristo yuko katikati ya mafundisho yake, na mtu asiye Mkristo akija atalihisi hilo mapema. Nimeishi na Waislamu na Wayahudi waliokaa miaka mingi, na wengine walioondoka kwa sababu hiyohiyo. Wote niliwaelewa.

Mchangiaji #5

Nimejaribu kutafakari mara nyingi, akili haitulii. Hizo dakika tano za msumari mnazifanyaje?

Mleta uzi

Dada/kaka, usitafute utulivu. Huo ukija utakuja wenyewe. Tafuta kurudi. Nilihesabu siku moja: ndani ya dakika tano nilitoka kwenye msumari mara kumi na tisa. Zile mara kumi na tisa za kurudi ndizo zoezi lenyewe.

Zoezi hilo ni la kwanza kati ya sita. La pili ni la utashi: unachagua kitendo kidogo kisicho na faida yoyote, unakifanya kila siku saa ileile, kwa sababu tu umekiamua. Mimi nilikuwa nageuza pete kidoleni saa saba mchana. Siku ya nne nilikumbuka saa kumi. La tatu ni kutokupeperushwa na furaha wala huzuni, la nne kuona jema hata palipo na baya, la tano kubaki wazi kwa jipya, la sita kuyaunganisha yote. Kawaida unashika moja kwa mwezi mmoja.

Usiku kuna kuitazama siku kinyumenyume, kutoka kitandani kurudi asubuhi, kama unamwangalia mtu mwingine. Usijihukumu hapo, tazama tu. Mimi kila mara nalala kabla ya kufika saa sita mchana, na kesho yake naanza tena.

Mchangiaji #7

Niongezee upande wa shamba, kwa sababu mleta uzi kautaja tu mwanzoni. Mimi nimefanya kazi shamba la bayodainamiki, yaani kilimo kinachofuata mafundisho ya Steiner. Huko hii pumzi ya dunia si maneno ya kitabuni. Steiner alitoa kozi ya kilimo Juni 1924 kule Koberwitz, sasa ni Poland. Majani yanapopukutika tunajaza samadi ya ng'ombe kwenye pembe za ng'ombe na kuzifukia, zinakaa ardhini majira yote ya baridi, wakati dunia imevuta pumzi. Tunazifukua mimea ikianza kuchipua. Samadi iliyoingia inanuka, inayotoka ni nyeusi, laini, ina harufu ya msitu baada ya mvua. Kidogo tu kinawekwa kwenye pipa la maji na kukorogwa saa nzima: unazungusha mpaka maji yanatoboka katikati kama kizingia, unageuza ghafla upande wa pili, vurugu, kizingia kingine.

Saa nzima kwa mkono. Dakika ishirini za kwanza bega linauma na unawaza kila kitu. Baada ya hapo unakuwa na maji tu. Kama mnauliza tafakuri ni nini, kwangu ni hiyo. Kama mbolea inafanya kazi kwa sababu wanazozitaja, wataalamu wengi wanapinga na mimi siwezi kubishana nao. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekoroga saa nzima analitembelea shamba kwa macho mengine.

Mleta uzi

Asante sana mkuu #7, ile harufu umenirudishia.

Mchangiaji #9

Sasa kusini mwa ikweta inakuwaje? Krismasi kule ni kiangazi. Na wanaoishi kwenye ikweta yenyewe?

Mleta uzi

Umegusa mjadala mrefu. Jumuiya na shule ziko Afrika Kusini, Australia, New Zealand, na watu wamegawanyika. Wengine wanabaki na tarehe: Krismasi ni tarehe 25 Desemba popote ulipo, dunia ikitoa au ikivuta. Wengine wanafuata majira, kwa hiyo Mikaeli wanamsherehekea kati ya Machi na Aprili, majani yanapopukutika kwao. Kwenye Kalenda ya Nafsi kuna chapa zinazoweka tarehe za kaskazini na za kusini, zikiachana nusu mwaka, na kuna wanaosoma ubeti wa kwao pamoja na ule unaosomwa upande wa pili wa dunia wiki hiyohiyo. Hao wa mwisho ndio ninaowaelewa zaidi. Dunia moja inavuta na kutoa kwa wakati mmoja, na anayesoma beti mbili anaishika yote.

Kwenye ikweta mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo kuazima theluji ya watu ni kujidanganya. Steiner mwenyewe alianza na zoezi lililo chini kabisa ya haya yote: kaa mbele ya kitu kinachochipua, halafu mbele ya kitu kinachonyauka, ukae na hisia inayozaliwa na kila kimoja mpaka uzitofautishe kama unavyotofautisha sauti mbili. Kila mahali pana kinachochipua na kinachonyauka. Anayefanya hivyo mwaka mzima mahali pake atajua sikukuu ziko wapi.

Mchangiaji #11

Nimesoma kwamba Steiner alikuwa na maneno ya kibaguzi kuhusu watu weusi. Wewe uliyeishi huko unasemaje? Usikwepe.

Mleta uzi

Sikwepi. Yapo. Katika mihadhara yake kuna vifungu kuhusu mbari za watu, na kuhusu watu weusi, ambavyo ni vya kibaguzi, na nisingependa mtu avipambe. Uholanzi, Chama chenyewe kiliunda tume miaka ya 1990 kupitia maandishi yake kuhusu suala hilo, ikakuta vifungu ambavyo vikisemwa leo vingeweza kuwa kosa kisheria. Ni kweli pia kwamba alifundisha utu wa mtu hauamuliwi na mbari, na kwamba Wanazi walikipiga marufuku Chama chake Ujerumani mwaka 1935. Hayo hayafuti yale.

Mimi nilikutana na kimoja cha vifungu hivyo katikati ya usiku mitakatifu, nimekaa peke yangu na chai. Nilifunga kitabu. Wiki tano sikusoma ubeti wowote. Nikalileta kwenye kikao cha jumuiya, na walionijibu "alikuwa mtu wa zama zake" waliniumiza kuliko kile kifungu. Aliyenisaidia ni yuleyule bibi. Alisema, "Ni uongo, na aliyeusema ni yeye." Basi. Nikaweza kurudi kwenye mazoezi, kwa sababu mazoezi yenyewe yananitaka nipime kila neno, hata la aliyeyatoa.

Mchangiaji #12

Mimi nataka kuanza na beti. Nianzie wapi, nisubiri Pasaka?

Mleta uzi

Usisubiri. Kwa kaskazini, hesabu wiki kutoka Jumapili ya Pasaka iliyopita, hiyo ndiyo namba yako. Kuna jambo litakalokuchanganya: Pasaka inahama, kwa hiyo toka Pasaka mpaka Pasaka huwa ni wiki 50 au 51, au 54 au 55. Wiki 52 kamili hupati. Wengi wanahakikisha wa Yohane, wa Mikaeli na wa Krismasi zinaangukia mahali pake, kisha wanaruka au kurudia beti kadhaa kuelekea Pasaka inayofuata. Soma asubuhi, usiuchambue. Alhamisi hivi rudi uone umebaki na neno gani.

Mchangiaji #14

Nimesoma wote kimyakimya. Nilimzika mama yangu mwezi wa nane. Hukusema lolote kuhusu waliokufa. Je, wana nafasi kwenye huo mwaka wenu?

Mleta uzi

Pole sana, dada. Ndiyo, wana nafasi kubwa, na nilikosea kuruka Novemba kama nilivyoiruka. Kati ya siku ya Watakatifu Wote na Majilio jumuiya nyingi hukusanyika na kusoma majina ya wote waliotangulia, jina kwa jina, na kimya kifupi baada ya kila moja. Steiner alifundisha kwamba uhusiano na marehemu hauishi, na alishauri jambo rahisi: uwasomee. Si lazima kwa sauti. Unachagua maandishi yenye uzito wa kiroho, unamweka mbele yako jinsi ulivyomjua, ishara ya mkono wake, namna alivyokuita, na unasoma polepole kana kwamba amekaa hapo, ukilielewa kila neno kabla ya kwenda linalofuata. Usichague unachokipenda wewe tu, fikiria kile ambacho yeye angetaka kukisikia. Ukiweza, iwe siku ileile na saa ileile.

Yule bibi aliyeniuliza swali kando ya karo alifariki kipindi cha Majilio, mwaka wangu wa mwisho pale. Kila Jumatano saa mbili usiku namsomea ile mihadhara mitano ya pumzi ya dunia. Aliijua vizuri kuliko mimi, kwa hiyo naisoma taratibu sana, na nikifika mahali nisipopaelewa nasimama. Tumefika mhadhara wa tatu.

Msumari wake ninao, nauweka juu ya ukurasa kushikilia nilipoishia.